Sarafu Zilizokataliwa

Mwaka 1850 bei ya shaba ilikuwa imepanda, na wakuu wa kiwanda cha sarafu cha Philadelphia wakaanza kuiogopa senti yao wenyewe. Senti ya Marekani ya siku zile ilikuwa pande la shaba tupu, karibu gramu 11, pana kuliko robo dola ya leo. Kuitengeneza kulikaribia kugharimu senti nzima. Mafundi wakafikiria kuchanganya shaba na fedha kidogo, sehemu moja ya fedha kwa tisa za shaba, ili thamani ileile ikae katika madini machache zaidi. Hesabu ilikubali, lakini sarafu ilitoka ndogo mno, ya kupotelea kwenye mshono wa mfuko. Basi wakaitoboa katikati. Tundu likaipa upana bila kuongeza uzito, na senti ikawa pete.

Ikakataliwa. Pete ile ilisumbua kutoka kwenye mashine, na kuitenga fedha na shaba siku ambapo sarafu zingerudi kuyeyushwa kungekula faida yote. Vipande vichache vilivyopigwa kwa majaribio vikabaki kwenye droo za kiwanda na mikononi mwa wenye kujuana na kiwanda. Leo vinauzwa kwa maelfu ya dola.

Msomaji wa Mombasa au Kampala atatabasamu hapa, maana bibi zetu walizitunga senti zenye tundu kwenye uzi na kuzifunga kwenye pindo la kanga bila kujua kwamba kuna nchi iliwahi kuliona wazo hilo ni gumu. Philadelphia walilirudia tundu mwaka 1884, safari hii kwenye senti na kwenye sarafu ya senti tano, wakalikataa tena. Hali ni hiyohiyo kwa alumini. Katika miaka ya 1860, madini hayo yalipokuwa bado ghali na ya ajabu, kiwanda kilipiga sarafu nyingi za majaribio kwa alumini, na hakuna hata moja iliyotumwa sokoni. Waingereza ndio waliopiga senti ya alumini mwaka 1907 kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda, nayo ikawa miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani kuingia katika matumizi ya kila siku. Haikufaa. Kufikia 1909 senti hiyo ilikuwa ikipigwa kwa shaba na nikeli. Tofauti hii inanikaa kichwani: Marekani jaribio lilipelekwa mbele ya kamati ya Bunge, kwetu jaribio lilikuwa soko lenyewe, na waliojaribiwa hawakuambiwa.

Sarafu ya majaribio ndiyo hiyo basi: pesa iliyotengenezwa ili ionwe na wachache kabla haijaruhusiwa kuwa pesa. Mchongaji anakata muhuri wa chuma, kiwanda kinapiga vipande kadhaa, mara kwa shaba kwanza ili kuona mistari inavyokaa, mara kwa madini yaliyokusudiwa. Vinapelekwa kwa mkurugenzi, kwa Waziri wa Fedha, kwa wabunge. Wakikubali, muhuri unaanza kazi ya mamilioni. Wakikataa, kile kipande kinabaki peke yake, kikiwa na tarehe, thamani na jina la taifa, na hakijawahi kununua hata mkate. Wakusanyaji wa sarafu za Marekani wanakihesabu kuwa kilele cha kazi yao, hasa kikiwa cha karne ya 19, kwa sababu katika karne hiyo ndipo kiwanda kilipojaribu mambo mengi kuliko wakati wowote mwingine.

Mimi navipenda vipande hivi kwa sababu moja. Sarafu ya kawaida inasema serikali iliamua nini. Ya majaribio inasema serikali ilisita wapi, na serikali haziachi ushahidi mwingi wa kusita kwao.

Jaribio lililofanikiwa kuliko yote ni la 1856. Mchongaji mkuu, James Longacre, alimchukua tai arukaye aliyekuwa amechongwa na Christian Gobrecht kwa ajili ya dola ya miaka ishirini nyuma, akamweka kwenye senti ndogo ya shaba asilimia 88 na nikeli asilimia 12, yenye uzito usiofika nusu ya ile ya zamani. Mamia ya vipande vyenye tarehe ya 1856 yaligawiwa kwa wabunge, kwa maofisa na kwa watu wenye sauti mjini. Ulikuwa ushawishi wa kupeana kitu mkononi, nao ulifanya kazi: sheria ilipita Februari 21, 1857. Sheria hiyohiyo ilifuta uhalali wa fedha za kigeni, hasa zile za Kihispania, ambazo Wamarekani walikuwa wamezitumia tangu enzi za ukoloni. Mei 25 mwaka huo umati ulijipanga katika uwanja wa kiwanda Philadelphia ukiwa na vifuko vya shaba kuukuu na vipande vya Kihispania, kubadilisha. Wapo waliotoka na senti mpya na kuziuza hapohapo barabarani kwa faida.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Watu walioizoea senti kubwa tangu utotoni walipoiona inatoweka, walianza kuzitafuta za kila mwaka, tangu 1793, wakamilishe safu. Mwaka uliofuata, 1858, chama cha wanasarafu kikaanzishwa New York. Ukusanyaji, uliokuwa kazi ya wazee wachache wenye vitabu, ukawa ugonjwa wa makarani na wauza duka. Na senti ya 1856, ile ya kugawiwa wabunge, ikawa kitu ambacho kila mwenye safu alikihitaji na wengi hawakukipata. Kiwanda kikafanya nini? Kikaipiga tena. Muhuri ulikuwepo, tarehe ilikuwepo, wateja walikuwepo.

Hapo ndipo hadithi inapochafuka, na ndipo inaponivutia zaidi.

Mkurugenzi wa kiwanda wakati huo, James Ross Snowden, alikuwa na shauku ya medali zenye sura ya George Washington. Alitaka kiwanda kiwe na mkusanyo wake, nao ulizinduliwa Februari 22, 1860, siku ya kuzaliwa Washington. Ili kuzipata medali hizo alihitaji kitu cha kubadilishana, na kitu alichokuwa nacho ni mihuri ya zamani iliyohifadhiwa kabatini. Sarafu za majaribio za miaka iliyopita zikapigwa upya, pande la mbele la mwaka huu likaoanishwa na pande la nyuma la mwaka mwingine, zikapatikana jozi ambazo hazikuwahi kuwazwa na mtu. Vipande vilibadilishwa kwa medali, na vingine vikatoka kwa milango isiyoandikwa vitabuni, kwenda kwa wafanyabiashara waliojua nani wa kumwamkia.

Dola ya 1804 inaingia katika ukurasa huu, ingawa si sarafu ya majaribio kwa maana kamili, na inaingia kwa njia inayopita nyumbani kwetu. Mwaka 1834 Wizara ya Mambo ya Nje iliomba seti za sarafu za Marekani ziwe zawadi kwa watawala wa Asia. Kiwanda kikatazama daftari, kikaona dola za mwisho zilipigwa 1804, kikachonga muhuri wenye tarehe hiyo, bila kujali kwamba dola zilizopigwa mwaka ule zilikuwa na tarehe za nyuma yake. Kwa hiyo dola ya 1804 haikuwahi kuwapo mpaka 1834. Mjumbe Edmund Roberts, ambaye mwaka 1833 alikuwa ameweka saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, alirudi mwaka 1835 akiwa na seti moja kwa ajili yake. Mtawala wa Muscat na Zanzibar akawa mmoja wa watu wa kwanza duniani kumiliki sarafu ambayo baadaye ingeitwa mfalme wa sarafu za Marekani. Sijui ni nani katika baraza lake angeishangaa tarehe: pwani nzima ilikuwa ikitumia reale ya Maria Theresa yenye mwaka 1780, iliyokuwa ikipigwa mwaka baada ya mwaka na tarehe ileile. Dola inayodhaniwa kuwa ile aliyopewa iliuzwa New York mwaka 1999 kwa dola 4,140,000. Na mnamo 1858 hivi, mtumishi mmoja wa kiwanda alipiga nyingine kwa siri na kuziuza.

Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe biashara ilipanuka. Ukifungua orodha ya sarafu za majaribio za 1869 na 1870 utakutana na zile ziitwazo fedha za viwango: senti kumi, senti 25, nusu dola, kila moja na sura kadhaa za Uhuru, kila sura kwa fedha, kwa shaba na kwa alumini, kila madini kwa ukingo wenye mikato na kwa ukingo laini. Zidisha. Hakuna kamati ya Bunge iliyouliza kama nusu dola ingependeza zaidi kwa alumini yenye ukingo laini. Vipande hivi vilikuwa jibu la swali la mteja: una kingine ambacho jirani yangu hana? Daktari Henry Linderman, aliyekuwa mkurugenzi mara mbili, alijiwekea mkusanyo wake mwenyewe. Ulipotangazwa kupigwa mnada mwaka 1887, miaka minane baada ya kifo chake, serikali iliuzuia. Mwaka huohuo mkurugenzi James Kimball akaweka kanuni za kubana mlango, na mto wa vipande vya majaribio ukakauka ghafla.

Mkusanyaji wa leo hapendi sana kuulizwa swali hili, lakini ni la haki: uchache wa kitu una thamani gani ikiwa mwuzaji aliuamua yeye? Wakusanyaji wana kipimo cha uadimu chenye madaraja. Daraja la 7 ni vipande 4 mpaka 12 vinavyojulikana, la 8 ni chini ya hapo. Kipimo hakiulizi kwa nini ni vichache. Senti ya pete ya 1850 na nusu dola ya alumini ya 1870 zinaweza kusimama daraja moja, na moja ni mabaki ya fikra na nyingine ni mabaki ya duka. Wapo watakaosema historia ni historia, na hata ulaghai wa maofisa ni ushahidi wa enzi yake. Nakubali. Ila ushahidi wa ulaghai ukishajaza kabati tatu unachosha. Wa kusita hauchoshi.

Tazama jinsi maneno ya Mungu yalivyoingia kwenye pesa ya Marekani. Novemba 1861, vita ikiwa changa, mchungaji mmoja wa Pennsylvania, M. R. Watkinson, alimwandikia Waziri wa Fedha Salmon Chase akitaka sarafu zimtaje Mungu, isije taifa likiporomoka vizazi vijavyo vikadhani lilikuwa la kipagani. Chase akaagiza kiwanda kitafute maneno mafupi. Kazi hiyo imebaki kwenye sarafu. Kuna nusu dola na dola kumi za majaribio zilizoandikwa kwa kifupi kwamba Mungu ni tegemeo letu. Kuna senti mbili za 1863 zenye sura ya Washington zinazotaja Mungu na nchi yetu pamoja. Desemba 1863 Chase mwenyewe akasahihisha kwa kalamu, na senti mbili za 1864 zikatoka na sentensi ambayo Wamarekani wanaijua hadi leo, kwamba wanamtumaini Mungu. Ukiviweka vipande hivi mezani kwa mpangilio unaona mtu akifuta na kuandika upya, isipokuwa karatasi yake ni shaba. Sijui kumbukumbu nyingine ya serikali inayoonyesha sala ikihaririwa.

Stella ni mkasa wa aina nyingine. Mwaka 1879 John Kasson, balozi wa Marekani Vienna, alipendekeza sarafu ya dhahabu ya dola nne ambayo mfanyabiashara wa Ulaya angeitambua bila kuuliza, karibu sawa na faranga 20 za nchi za Umoja wa Fedha wa Kilatini. Wazo la pesa ya dunia lilikuwa hewani tangu mkutano wa Paris wa 1867. Philadelphia walikuwa wameshapiga mwaka 1868 dola tano za majaribio zilizoandikwa pia faranga 25. Safari hii kamati ya Bunge ya sarafu na vipimo iliongozwa na Alexander Stephens, yuleyule aliyekuwa makamu wa rais wa majimbo yaliyoasi, sasa mpenzi wa vipimo vya metriki. Charles Barber akachonga msichana mwenye nywele zilizoachiwa, George Morgan mwenye nywele zilizosukwa, na kuzunguka kichwa, kati ya nyota, pakaandikwa mchanganyiko wa madini kama dawa ya daktari: gramu 6 za dhahabu, 0.3 za fedha, 0.7 za shaba, jumla gramu 7.

Tatizo ni kwamba haikulingana. Faranga 20 zilibeba dhahabu safi gramu 5.8, stella 6. Mfanyabiashara aliyehesabu angeona pengo, na wafanyabiashara wote huhesabu. Wazo likafa kamatini, lakini wabunge walipenda sampuli, wakaomba zaidi, na ya Barber ikapigwa zaidi ya mara 400. Kuna uvumi wa siku nyingi kwamba baadhi ya waheshimiwa waliwapa wanawake wa madanguro ya Washington, ambao walizining'iniza shingoni. Uvumi ni uvumi. Ila stella kadhaa zilizopo leo zina alama ya kikuku kilichochomelewa na kuondolewa, na hata hizo zina wanunuzi. Stella safi huvuka dola 100,000 bila shida. Sarafu ya kuunganisha masoko ya dunia imeishia kuwa kipande ambacho tajiri wa Texas anamficha tajiri wa Ohio.

Mwaka 1877, kabla ya stella, William Barber, baba yake Charles, alikuwa amechonga sarafu ya dola 50. Za dhahabu zilipigwa mbili tu, kila moja na sura tofauti kidogo, na zikatoweka. Zilijitokeza 1909 mikononi mwa wafanyabiashara wawili wa Philadelphia, waliomwuzia William Woodin, mwenye viwanda wa New York, kwa dola 10,000 kila moja, bei ambayo haikuwa imesikika kwa sarafu. Kelele zikawa kubwa. Serikali ikadai ni mali yake, kwamba haikupasa zitoke. Baada ya mvutano Woodin alizirudisha, na badala yake akapewa masanduku ya sarafu za majaribio za miaka iliyopita, maelfu ya vipande. Fikiria hesabu hiyo: ili kurudisha siri mbili, kiwanda kilifungua siri zote. Vipande vingi tunavyoviona minadani leo vilitoka katika masanduku hayo. Woodin hakukaa navyo kimya. Mwaka 1913 yeye na Edgar Adams walichapisha kitabu cha kwanza cha kuviorodhesha kwa mpangilio, na kitabu hicho kilitawala mpaka 1959, daktari J. Hewitt Judd wa Omaha alipotoa chake, ambacho namba zake ndizo zinazotumika sasa. Zile mbili za dhahabu ziko Smithsonian.

Mwaka 1933 Woodin huyohuyo alikuwa Waziri wa Fedha wa Franklin Roosevelt wakati raia walipoamriwa kusalimisha dhahabu yao. Amri ile iliacha nje sarafu zenye thamani maalumu kwa wakusanyaji. Siwezi kuapa ni nani aliyeinong'oneza ibara hiyo, lakini natambua harufu ya nyumba ya mtu.

Mkusanyo mwingine mkubwa wa vipande hivi ulikuwa Cairo, katika kasri la Koubbeh, kwa Mfalme Farouk, aliyenunua kila kitu kwa wingi. Alipopinduliwa 1952 wanajeshi wakaurithi mzigo, na mwaka 1954 ukapigwa mnada, mengi kwa mafungu makubwa. Wamarekani waliruka kwenda kununua nchi yao kutoka Misri.

Ningekuwa na uwezo wa kipande kimoja, nisingetafuta stella. Ningetafuta senti tano za 1866 zenye uso wa Abraham Lincoln. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu auawe. Tangu 1792 Bunge lilikuwa limekataa kuweka sura ya rais kwenye sarafu, likisema hiyo ni tabia ya wafalme. Ndiyo maana sarafu zilijaa mwanamke aitwaye Uhuru. Mwaka huohuo wa 1866 nchi ilikuwa imetoka kuaibika na Spencer Clark, ofisa aliyeweka picha yake mwenyewe kwenye noti ya senti tano, mpaka Aprili sheria ikapiga marufuku sura za watu walio hai. Lincoln hakuwa hai. Sheria haikumzuia. Philadelphia wakapiga majaribio mengine yenye Washington, mengine yenye ngao bila mtu yeyote, na mezani zikawekwa njia tatu: mwasisi, shahidi, au chuma kitupu. Vita ilikuwa imekwisha mwaka uliotangulia tu, na senti tano ilipaswa kupita Georgia na Alabama kama ilivyopita Illinois. Sheria ya Mei 16, 1866 ilipopita, ngao ndiyo iliyopigwa. Lincoln alisubiri hadi Agosti 1909 kuingia kwenye senti, na Washington hadi 1932 kwenye robo dola.